Kabla ya Kuishusha Gia Boksi

Fundi alichomoa kijiti cha oili ya gia boksi, akakipitisha puani, akakifutia kwenye mguu wa ovaroli. Hakuingia ndani ya gari. Hakuuliza limetoka wapi.

"Hii imeshaungua, kaka. Tafuta nyingine."

Kaka yangu, ambaye ndiye mwenye gari, akaitikia kwa kichwa. Akatoa simu na kuanza kumtafuta mtu wa Dar amwulizie gia boksi ya mtumba. Muuza kahawa alikuwa bado hajamaliza kunimiminia kikombe, na tayari fedha ya msimu mzima wa korosho ilikuwa imeshapangiwa safari.

Zimepita wiki kadhaa na sentensi ile bado imenikaa kichwani. Fundi hakusema uongo. Oili ilikuwa inanuka kuungua, niliinusa mwenyewe. Linalonisumbua ni swali ambalo hakuna aliyeliuliza pale uani.

Umejuaje?

Mlima wa Newala

Gari ni Prado ya zamani, KZJ95, injini ya dizeli ya 1KZ-TE, gia boksi ya otomatiki ya gia nne. Huku kwetu ziko nyingi na wenye nazo hawako tayari kuziachia, maana zimezoea mchanga na vumbi kuliko magari mengi yaliyokuja baada yake.

Tulikuwa tunatoka Masasi kwenda msibani Newala. Mama alikaa nyuma na shangazi zetu. Kipande cha vumbi kilikuwa kimechakaa, barabara imejaa mawimbi na gari zima linatetemeka. Tulipoanza kuupanda mlima, kaka akasimama kulipisha fuso lililokuwa linashuka. Alipotaka kuondoka, gari likagoma. Injini inanguruma, mshale wa mizunguko umepanda, gari linajivuta tu. Taa ya O/D OFF, ile ya gia ya juu, kwenye dashibodi ikaanza kuwaka na kuzima. Harufu ikaingia ndani. Shangazi mkubwa akaanza kuvuta uradi.

Kaka akashusha gia hadi L, ile ya chini kabisa. Gari likaondoka.

Tukafika juu. Kesho yake tukawasha, taa haipepesi tena, gia zinaingia vizuri, tukarudi Mtwara na stori za msiba. Lakini harufu ilikuwa imemtia kaka wasiwasi, ndiyo maana akaenda gereji.

Sasa fikiria. Gari limegoma mlimani, likakubali kwa L, likalala, likaamka zima. Mambo yote hayo fundi wa kwanza hakuyajua, kwa sababu hakuuliza, na sisi hatukumwambia. Alipewa kijiti tu, naye akakisoma.

Kazi isiyolipwa

Simlaumu kama mtu. Nimekaa kwenye magereji ya kutosha, Mtwara na Lindi, kujua jinsi hesabu yao inavyokwenda. Fundi akishinda asubuhi nzima chini ya gari, akagundua waya mmoja umekatika, akauunga kwa dakika chache, mteja anamwambia: "Waya tu? Chukua elfu tano." Fundi akishusha gia boksi na kupandisha nyingine, analipwa ufundi wa kushusha, ufundi wa kupandisha, na pengine kitu kidogo kutoka kwa aliyeiuza. Mteja anaondoka ameona kazi imefanyika: mafuta mikononi, jeki, vijana watatu, chuma kizito chini.

Yaani sisi wateja hatulipii kujua. Tunalipia kubadilisha.

Ukimlipa mtu hivyo miaka ishirini, pua yake itajifunza kusema "tafuta nyingine" haraka. Ningekuwa na watoto wa kusomesha kwa fedha hiyo, sijui kama ningefanya tofauti.

Na gia boksi ya mtumba nayo ni kitendawili. Inakuja kwa lori kutoka Dar ikiwa imefungwa nailoni. Huwezi kuiwasha barazani uone kama inavuta. Unaigundua ikishafungwa kwenye gari lako, na garantii ya mdomo ni ya siku chache. Ndiyo maana nilimwomba kaka asitume fedha kwanza. Hakufurahi. Aliniuliza tangu lini nimekuwa fundi, na lilikuwa swali la haki.

Mzee wa Lindi

Rafiki alitwambia kuna mzee Lindi aliyefanya kazi miaka mingi na magari ya miradi, yale ya kwenda vijijini masika na kiangazi. Tukaondoka mchana wa jua kali: Mikindani, Mingoyo, Lindi, lami tupu. Nilikuwa naiangalia taa ya O/D OFF njia nzima. Haikupepesa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Zimeni gari. Kaeni kwanza."

Akatuuliza maswali. Lilipogoma lilikuwa limesimama au linatembea? Mshale wa mizunguko ulikimbilia juu kabisa au ulipanda ukasimama mahali pamoja? Rivasi mlijaribu? Kifimbo cha transifa kilikuwa wapi? Kabla ya mlima mlipita njia gani?

Swali la transifa, ile gia boksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, lilinishangaza, mpaka alipoeleza. Kwenye Prado hii kifimbo kile kina N yake, yaani nafasi ya huru. Kikikaa katikati, kwa kugongwa na goti au mzigo, gari haliendi kwa gia yoyote, na mtu anaweza kuapa gia boksi imekufa. Amewahi kuona gari limevutwa kwa kamba kutoka mbali kwa sababu hiyo tu. Na kuvutwa huko kunaweza kuleta ubovu wa kweli: pampu ya oili ya gia boksi inazungushwa na injini, injini ikizimwa hakuna oili inayosukumwa ndani, huku magurudumu yanazungusha vyuma vikavu. Ukilazimika kuvutwa, tafuta hiyo N ya transifa.

La mshale lilikuwa zito zaidi. Klachi za ndani zikiteleza, mizunguko inakimbia juu ovyo na gari halina habari, sawa na mtu anayekanyaga baiskeli iliyotoka mnyororo. Injini ikikosa nguvu, labda filta ya dizeli imeziba au bomba la tabo limepasuka, mshale haupandi kabisa. Kaka alikumbuka vizuri: ulipanda, ukasimama pale pale, na gari lilikuwa linasukuma kwa shida.

Hiyo haikuwa dalili ya kwanza wala ya pili. Mzee akanyamaza kidogo, akasema: "Inawezekana lilikuwa linaondoka na gia kubwa."

Shaka tatu

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini kupima ni kazi.

Shaka ya kwanza niliiona mwenyewe, nikajiona mjanja: kama L ilivuta, basi klachi ni nzima, twende zetu. Mzee akatikisa kichwa. Klachi ya kwenda mbele ni ile ile kwenye D, ya mwendo wa kawaida, na L, hivyo kweli hiyo haijaungua. Lakini ndani kuna klachi nyingine ya kuzunguka upande mmoja. Ikifa, D haiondoki, na L inaondoka, kwa kuwa kwenye L kuna breki nyingine inayoshika mahali pake. Dalili ile ile, ubovu tofauti, na huo ungetaka gia boksi ishushwe kweli.

Ila klachi ya namna hiyo ikivunjika haiponi usiku. Gari letu liliamka zima.

Shaka ya pili ilikuwa joto. Mipira ya ndani ya gia boksi ya zamani hukakamaa. Oili ikiwa baridi na nzito, presha inatosha. Ikipata moto ikawa nyepesi, presha inavuja na klachi zinateleza. Asubuhi gari ni zima, jioni ni bovu. Ubovu wa namna hii hupona usiku, au huonekana umepona. Nilipolisikia hilo, matumaini yangu yalishuka. Ilionekana yule fundi wa kwanza alikuwa sahihi kwa njia ndefu.

Mzee akaiuliza tena safari ya siku hiyo. Kutoka Mtwara mchana, jua hili, mwendo mzima, na taa haikupepesa?

Haikupepesa.

"Basi siyo joto peke yake. Kule mlikuwa na joto na mtetemeko. Leo mmekuwa na joto tu."

Sikuwa nimefikiria kwamba safari ya kumfuata fundi inaweza kuwa kipimo. Kwenye barabara zetu joto na mtetemeko hutembea pamoja, na mtu akiona gari linagoma likiwa la moto analaumu moto.

Shaka ya tatu ilikuwa oili yenyewe, maana harufu ilikuwepo.

Kusoma oili

Wengi hupima oili ya gia boksi vibaya, hivyo nitalikalia hili kidogo. Gari liwe limetembea likapata moto, lisimame mahali tambarare, injini ikiwa inaunguruma. Kanyaga breki, pitisha kifimbo kwenye gia zote kuanzia P hadi L taratibu, rudisha P. Chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena, soma sehemu ya HOT. Ukipima gari limezimwa utaona oili nyingi ambayo haipo, halafu utaipunguza, na hapo ndipo matatizo ya kweli huanza.

Oili nzuri ni nyekundu na unaona kidole kupitia humo. Ikiwa ya pinki yenye utando wa maziwa, maji ya rejeta yameingia, kwa sababu oili hupozwa kwenye kibomba kilicho ndani ya rejeta, na rejeta ya zamani hutoboka huko ndani. Hiyo usiendeshe hata kilomita moja. Ikiwa nyeusi na ina harufu kali, kuna kilichoungua.

Yetu ilikuwa kahawia. Inanuka, lakini siyo nyeusi.

Mzee akafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi. Ndani yake kuna sumaku zinazokamata chuma. Akaipaka ile tope ya sumaku kwenye kiganja cha kaka, akamwambia asugue. Laini, kijivu, kama ya gia boksi yoyote iliyotembea. Hakukuwa na vipande vya chuma, ambavyo vingesema beringi au gia zinakwisha. Sumaku haikamati shaba, hivyo akaangalia pia chini ya sampo kwa tochi kama kuna vumbi la njano la bushi. Hakuna. Akasafisha chujio, akarudisha, akaongeza oili kufidia iliyomwagika.

Sasa unganisha. Gari likiondoka mlimani na gia ya tatu badala ya ya kwanza, konveta, lile duara lililojaa oili linalounganisha injini na gia boksi, ndiyo inayobeba mzigo wote. Mafuta yanasuguana ndani yake pasipo gari kusogea, na msuguano huo wote unageuka joto. Ndiyo maana mchanga wa ufukwe wa Msimbati nao unachosha magari ya otomatiki: mwendo mdogo, mzigo mkubwa, konveta inachemka. Taa ya joto la oili ya gia boksi ikiwaka huko, simama, weka P, na *usizime injini*, kwa kuwa injini ndiyo inayozungusha oili ikapoe kwenye rejeta.

Harufu ile ilikuwa ya kweli. Lakini ilikuwa matokeo. Fundi wa kwanza aliisoma kama chanzo, na kutoka hapo kila hatua iliyofuata ilikuwa na mantiki safi iliyoelekea mahali pasipo sahihi.

Taa inapohesabiwa

Gari hili halihitaji mashine ya kupimia. Mzee alichukua kipande cha waya, akaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye plagi ya kupimia, akahakikisha O/D haijazimwa kwa kitufe, akawasha swichi bila kuwasha injini.

Taa ikaanza kupepesa. Sita. Ikatulia. Mbili. Ikatulia zaidi, ikarudia.

Sitini na mbili: solenoidi namba moja, yaani vali ya umeme inayoelekeza oili ndani ya gia boksi, au waya wake. Hata baada ya taa kuacha kupepesa barabarani, kompyuta ya gari ilikuwa imeliweka tukio la Newala kwenye kumbukumbu. Ilikuwa nalo siku ile tuliposimama gereji, na kipande cha waya ndicho pekee kilichohitajika kulisikia.

Solenoidi mbili ndizo zinazopanga gia. Ya kwanza ikikosa umeme, mahali pa gia ya kwanza na ya pili inakuja ya tatu. Ndiyo ule mlima.

Lakini namba haisemi kama solenoidi imekufa, waya umekatika, au kompyuta ndiyo mbovu. Wala haisemi kama klachi ni nzima. Kwa hilo la mwisho mzee alifanya jambo ambalo mpaka leo nalirudia kichwani. Akaichomoa plagi ya solenoidi zote ubavuni mwa gia boksi. Kompyuta ikabaki haina mkono. Bila umeme, gia boksi hii inabaki na mpangilio wake wa mafuta tu: L inatoa gia ya kwanza, 2 inatoa ya tatu, D inatoa ya nne.

Akamwambia kaka apande kilima kilichokuwa mbele ya nyumba.

L, gari likaruka. 2, likaondoka kwa uzito ule ule wa Newala, na nilimwona kaka akigeuka kuniangalia dirishani, maana aliutambua. D, likajikokota kabisa. Rivasi safi. Kisha mzee akapima kwa saa ya mkononi muda wa kutoka N hadi gia inaposhika: kwenda D isizidi sekunde 1.2, kwenda R isizidi 1.5. Ilishika kwa wakati.

Gia boksi iliyotakiwa kutupwa ilikuwa inatii kila ilichoambiwa. Iliyokosekana ni amri.

Waya

Iliyobaki haikuchukua muda. Mita ikawekwa kwenye solenoidi: ohmu zake zilikuwa kati ya 11 na 15, zinapotakiwa. Akaweka mita kwenye waya wa upande wa pili na kumwambia kijana wake autikise. Namba ikaruka, ikapotea, ikarudi. Kwenye plagi, pini moja ilikuwa na kutu ya kijani, na nyuma yake waya ulikuwa umeliwa ndani ya ganda ambalo kwa nje lilionekana zima.

Chumvi. Gari linakwenda Msimbati kila wapatapo wageni, linakanyaga mchanga wa bahari, halafu linaoshwa bodi mpaka ing'ae. Chini hakuna anayeosha.

Akakata sehemu iliyoliwa, akaunga kwa risasi, akasafisha pini, akapaka grisi, akafunga. Akafuta kumbukumbu kwa kuchomoa fyuzi. Siku iliyofuata kaka aliliendesha makusudi kwenye vumbi baya kuliko lile la Newala.

Lilikwenda.

Bei ya kujua

Mzee alipoulizwa kiasi gani, alitaja bei ya kuunga waya. Kaka akamlipa zaidi ya mara nne ya hiyo, na ilibidi ambembeleze apokee. "Waya tu, mwanangu," alisema, kwa maneno yale yale ambayo mteja humwambia fundi.

Hilo liliniuma kuliko mlima. Hata yeye, mwenye ujuzi ule, amezoea kutoulipisha.

Tangu siku hiyo nikipeleka chombo chochote gereji, gari au pampu ya maji, naanza kwa kuuliza: kupima tu, bila kufungua kitu, ni shilingi ngapi? Kijana mmoja wa hapa Mtwara alicheka, akaniambia kupima ni bure. Nikamwambia sitaki ya bure, nataka nilipie, na ukimaliza uniambie umejuaje. Aliacha kucheka, akaenda kuchukua mita yake. Alichukua saa nzima, na alichoniambia mwisho kilikuwa na sababu tatu nyuma yake.

Oili tumeibadilisha baadaye, kwa awamu, kwa sababu ukifungua sampo inatoka sehemu tu na nyingine inabaki kwenye konveta. Wapo wanaosema usiguse oili ya gia boksi ya zamani, itaanza kuteleza. Naona wanaosema hivyo mara nyingi wameibadilisha kwenye gia boksi iliyokuwa imeshakwisha, kisha wakailaumu oili.

Na kuna jambo bado halijaisha. Kwenye lami, mwendo ukifika kama themanini, kuna mtetemo mdogo unaopita chini ya miguu kisha unatulia. Kaka anasema ni matairi. Mimi nina wasiwasi na klachi ya ndani ya konveta, ile inayofunga mwendo ukitulia. Kipimo chake hakina gharama: mtetemo ukianza, gusa breki kidogo tu kwa mguu wa kushoto huku umekanyaga mafuta, taa za breki ziwake. Kompyuta ikiona breki, inaifungua klachi hiyo. Mtetemo ukikata papo hapo, ni konveta. Ukiendelea, twende kwenye matairi na propela. Jumamosi tunapeleka mzigo Mingoyo, na kaka amekubali nikae mbele.